Kitu Kilichokataa Nguruwe

Wiki iliyopita nilikwenda Malvern, Johannesburg, kwenye msiba wa Mama Bea. Watu walikuwa wameketi uani kwenye viti vya plastiki vya kukodi, wakinong'ona kama watu wanavyonong'ona msibani, na nilipovuka geti minong'ono ikakatika kama umeme. Mwanamke aliyekuwa anapakua chakula alivuta kitambaa akafunika sufuria. Nilikuwa na mfuko wa sukari mkononi na nimevaa koti langu jeusi la sufu, la pekee nililo nalo, ambalo hata nikilipiga brashi vipi haliishi manyoya ya paka. Nikatabasamu. Kutabasamu mahali pasipostahili ni kosa langu la zamani, na baadaye mtaona kwamba lilikaribia kumuua mtu. Mama mmoja mzee, ambaye sikumfahamu lakini yeye alinifahamu, akavuta kiti chake nyuma ili kivuli changu kisimpitie. Kule barazani, chini ya bati lililotoboka palepale lilipokuwa limetoboka siku zote, mwanamume mnene aliyevaa suti ya kijivu akaweka chini sahani yake ya kuku, akainuka taratibu. Alikuwa Deo. Hatukuwa tumeonana tangu Jumamosi ile ya mwaka 2016, nilipotoka kwenye nyumba hiyo nikiwa mchawi aliyekiri.

Nilihamia pale mwaka mmoja kabla ya hapo, nikiwa na shahada mbili, masanduku matatu ya vitabu, na imani kwamba ningekaa miezi miwili. Nyumba ilikuwa mtaa mmoja nyuma ya Jules Street, nyumba ya kizamani ya matofali ambayo Mama Bea aliikodi nzima kisha akaikata vipande kwa mbao nyembamba, akatupangisha. Yeye mwenyewe, fundi cherehani kutoka Bukavu, alikaa chumba cha mbele na cherehani zake mbili, futi ya kupimia ikiwa shingoni tangu asubuhi hadi anapolala. Solange, msusi kutoka Lubumbashi, alikaa upande wa jikoni. Mimi na Deo tuligawana kilichokuwa zamani sebule moja kubwa, yenye dari la maua ya plasta. Ubao ulipita katikati ya ua moja la plasta, nusu likawa kwangu, nusu kwake. Chini ya ubao, pembeni, kulikuwa na tundu la ukubwa wa sahani, lililoachwa kwa ajili ya bomba ambalo halikuwahi kupitishwa. Nalitaja tundu hilo sasa kwa sababu wakati ule sikulitilia maanani.

Deo, naye wa upande wa Bukavu, alikuwa mlinzi wa usiku kwenye maghorofa ya Randburg. Mimi nilifanya kazi ya mchana Randburg hiyohiyo, kwa hiyo tuliishi kama jua na mwezi: asubuhi nikitoka namkuta getini anaingia, macho mekundu, koti la kazi mkononi. "Yaya Tanga, kazi njema." "Na wewe, Deo, usingizi mwema." Yaya kwao ni ndugu mkubwa, na Tanga, mji nilikotoka, ndilo jina waliloniita wote. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya maboksi ya dawa, ambavyo hakuna anayevisoma. Nimeiandika kwa Kiswahili safi sentensi isemayo "Muone daktari mara moja ukivimba midomo, ulimi au koo" mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Nilijihesabu kuwa msomi pekee ndani ya nyumba, na kwa bahati mbaya wenzangu nao walinihesabu hivyo.

Paka alikuja mwenyewe, mwishoni mwa mwaka ule niliohamia, kupitia dirishani, kijivu, mwembamba, na akakaa juu ya karatasi zangu kama mtu aliyechelewa kazini. Nikamwita Karani. Mama Bea alisimama mlangoni akamtazama kwa muda. Kwao paka si mnyama wa kuchezea. Paka ni gari la watu fulani wanaosafiri bila miguu yao. "Weye Tanga," akasema, "hiyo kitu ikae kwenye chumba yako. Nisiione jikoni, nisiione kwenye nguo za batu." Nikaahidi. Kwetu pwani paka hupita mpaka msikitini na hakuna anayemfukuza, na tunasema kwamba akinguruma kwa raha huwa anavuta uradi. Nilimweleza Mama Bea jambo hilo, nikidhani litamtuliza.

Jambo lenyewe lilianza Jumamosi moja ya mwezi wa tatu. Jumamosi ilikuwa siku ya braai, nyama ya kuchoma uani, maana ndiyo siku pekee ambayo sote tulikuwa macho kwa wakati mmoja. Mama Bea alikuwa amenunua mbavu za nguruwe, na moshi wake ulikuwa mzuri kiasi cha kumtia Mwislamu aibu. Akaninyooshea ubavu mmoja kwa koleo, kwa uchokozi tu, kama alivyofanya kila mara. "Kula, Tanga. Mungu hayuko anaangalia Malvern." Wangeniheshimu kama ningesema hapana, asante. Lakini mimi nina ugonjwa wa kutaka kuchekesha, na nikasema kwa sauti ya mganga, nikiwa nimeinua kidole: "Mwogopeni huyo mnyama. Majini ya Tanga hayapatani naye. Atakayemla mbele yangu leo, atajuta." Wote wakacheka. Deo alicheka kuliko wote, akachukua ubavu ule uliokuwa wangu, wenye wekundu bado karibu na mfupa, akaung'ata akinitazama machoni. "Jini yako inipige basi!"

Haukupita muda mrefu. Tulikuwa tumefika kwenye chai Deo alipoanza kujikuna viganja. Kisha shingo. Kisha midomo yake ikaanza kuvimba polepole, mbele yetu, kama maandazi yanavyoumuka kwenye mafuta, mpaka uso wake ukawa uso wa mtu mwingine anayemfanania. Solange akaweka kikombe chini bila kukiangalia, kikaanguka. Hakuna aliyenitazama, na hapo ndipo nilipojua kwamba wote walikuwa wananifikiria mimi. Mama Bea alimpa vidonge vya mafua alivyokuwa navyo, akamlaza, na ilipofika jioni uvimbe ukashuka. Deo mwenyewe alitoka kunywa maji, akanipita ukumbini, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Eish, yaya. Mzaha yako iko na meno." Nami nikatabasamu.

Kama yangeishia hapo, tungeyasahau. Lakini katikati ya wiki Mama Bea alipika nguruwe ileile, akaichemsha nusu siku na vitunguu na nyanya mpaka ikawa inaachana na mfupa, na Deo akaila kwa woga, nami nikiwa Randburg. Hakupata kitu, ila koo liliwasha kidogo. Jumamosi moja ya mwezi uliofuata ilikuwa tena nguruwe ya kuchoma, nami nikiwepo, na tena midomo, tena viganja, na safari hii akatapika. Solange akapanga matukio kwa vidole vyake vya ususi, vinavyojua kuhesabu mistari: Tanga hayupo, Deo anakula, salama. Tanga yupo, Deo anakula, anavimba. Nilimsikia akimweleza Mama Bea jikoni, nami niko ukumbini nimesimama na taulo. "Jini ya Kiislamu, mama. Imetoka kwa huyu, imeingia kwa yule. Juu ya nini inakataa ngurube peke yake? Ng'ombe anakula, kuku anakula, samaki anakula. Ni ngurube tu. Jini iko na dini."

Nakumbuka nilivyorudi chumbani nikakaa kitandani. Ingefaa niandike kwamba nilihuzunika. Ukweli ni kwamba kwa siku kadhaa nilikuwa na raha ya ajabu. Mtu niliyekuwa nikisukumwa kwenye foleni ya bafu sasa nilikuta bafu liko tupu na maji ya moto yameachwa. Redio ya Solange ilizimwa nilipopita. Kwenye duka la spaza la pembeni mwenye duka, Mburundi, alianza kunirudishia chenji kwa mikono miwili. Maisha yangu yote nimeandika makala za kuwasihi watu waache ushirikina, na hakuna makala hata moja iliyowahi kunipatia maji ya moto. Basi sikukanusha. Aliponiuliza mtu, nilinyanyua mabega na kutazama mbali, kama ninavyodhani wachawi hutazama.

Kisha ikaja baridi. Baridi ya Johannesburg ni kavu. Ukivuta blanketi gizani unaona cheche, na ukimgusa paka anakupiga shoti mwilini. Ni majira ambayo kila kitu ndani ya nyumba kilikuwa kikituma ujumbe mdogo wa umeme kwa kingine. Deo alikuwa na mafua yasiyokwisha, macho yanawasha, kifua kinapiga filimbi, na wote tukasema ni vumbi, ni machimbo, ni makaa ya mawe. Ndipo Solange alipoanza kusikia sauti. Alikuwa anasukia wateja nyumbani siku hizo, kwa hiyo mchana alikuwepo. Alinisimamisha jioni moja, kwa mbali, akiwa na kitana mkononi kama mtu aliyeshika msalaba. "Ba Tanga, mi nakuuliza kwa heshima. Mchana, weye uko kazini, mulango yako na funguo. Kwa Deo kunasikika batu wawili. Yeye anaongea, luga haiko Kiswahili, haiko Kifaransa. Akinyamaza, kitu kinamujibu. Kinanguruma. Chini-chini. Kama mutu anasali sala zenu." Nilitaka kucheka na kicheko hakikuja. Usiku huo nililala na taa. Nimesoma vyuo viwili, lakini Tanga ni Tanga, na kule kwetu kuna mambo ambayo mtu huyakanusha mchana tu.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita Deo akaamua kuyamaliza. Hakumwambia mtu. Alikata kipande kutoka kwenye moto, kikiwa bado kinatoa maji mekundu, akakila amesimama, akinitazama kama siku ile ya kwanza, ila bila kucheka. Kabla hajamaliza kutafuna cha pili, akaanguka. Nilikuwa wa kwanza kumfikia na nikasikia pumzi yake inavyopita kwenye tundu linalozidi kuwa dogo. Midomo, ulimi, koo: sentensi yangu mwenyewe ilikuwa imelala pale kwenye saruji, katika mpangilio uleule. Jirani alitupakia nyuma ya bakki yake, pikapu kuukuu, akapita kila robot, taa za barabarani, bila kusimama, na hospitalini wakamchoma sindano ya paja, na baada ya dakika chache uso wa Deo ukaanza kurudi kutoka kule ulikokuwa umekwenda.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye macho ya mtu ambaye hajalala tangu juzi. Mimi nilikuwa mkalimani, maana Kiingereza cha Deo kiliisha kwenye salamu za getini. Pasta wa kanisa walilosali wenzangu wote watatu alikuwa amefika, akakaa kwenye ncha ya kitanda, mpole, mikono juu ya magoti. Daktari akauliza alikula nini. Nikasema nguruwe. Ng'ombe je? Hana shida. Kuku? Hana shida. Alikuwa anaandika, hajainua kichwa, na huku bado anaandika akauliza: "Nani ana paka?"

Nimekwishakaa mbele ya waganga wawili au watatu maishani, kwa utafiti, kama ninavyosema, na hakuna aliyewahi kunitia baridi namna ile. Hakuwa ameiona nyumba yetu. Hakuna aliyetaja mnyama yeyote zaidi ya hao wa kuliwa. Nikajibu kwamba mimi ninaye, lakini anakaa chumbani kwangu, mlango una funguo. Akaniambia nimuulize mgonjwa kama hulala na paka. Nikamuuliza. Deo akamtazama Pasta, akanitazama mimi, akasema, "Hapana. Mi ni mukristo." Daktari akaeleza hata hivyo, kwa haraka, kama mtu anayesoma ratiba ya treni. Mtu akiishi karibu na paka, mwili wake unaweza kujifunza kuipiga vita protini moja iliyo kwenye damu na mate ya paka. Nguruwe anayo inayofanana nayo sana. Mwili unapokutana nayo kwenye sahani, unadhani ni adui yuleyule. Ikichemshwa muda mrefu, protini hiyo huharibika. Nyama ikiwa na wekundu, inabaki nzima. Lakini kama hana paka, akasema, basi labda ni jambo jingine, kipo kipimo cha damu, foleni yake ni ndefu. Kwa sasa, asiguse nguruwe. Safari nyingine huenda asifike hapa.

Nilitafsiri yote, neno kwa neno, nikijivunia msamiati wangu. Pasta alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole kabisa: "Kwa hiyo daktari naye anasema tumutii." Hakumaanisha Mungu, alimaanisha jini. Yeye na Deo walipokuwa wanatoka nilisikia mpango wenyewe. Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya ibada, kwenye ukumbi wa kanisa lao juu ya duka la matairi, Deo angewekewa sahani mbele ya kanisa zima. Ya kuchoma, ileile. Angekula, jini lingepiga kelele, lingetoka. Mama Bea ndiye angepika. Deo alikubali. Na mimi, niliyekuwa nimenyanyua mabega miezi mitatu, sasa nilimwambia kila mtu niliyekutana naye ukumbini kwamba sina jini, sijawahi kuwa nalo, ule ulikuwa mzaha. Solange akanijibu, "Eh. Sasa anakataa. Anaogopa Jumapili."

Alhamisi maji yalikatika ofisini, tukaruhusiwa kuondoka kabla ya saa sita. Nilifika nyumbani adhuhuri. Nyumba ilikuwa kimya, cherehani zimetulia, Solange hayupo, jua la baridi limelala kwenye sakafu ya ukumbi. Na kutoka chumbani kwa Deo nikaisikia. Sauti yake, ya chini, kwa lugha ambayo sikuijua, ikipanda mwishoni kama mtu anayeuliza. Kimya. Kisha ule mngurumo, mzito, wa taratibu, unaopita kwenye ubao hadi kwenye kiganja changu nilichokuwa nimeegemeza. Nilisoma dua nilizoweza kusoma. Kisha nikasukuma mlango.

Alikuwa amejifunika blanketi hadi kidevuni, na Karani alikuwa amelala kwenye mto, kichwa karibu na kichwa, na uso wa Deo ulikuwa umezama kwenye manyoya ya shingo yake. Wote wawili wakanitazama kwa pamoja, kwa macho ya watu waliokatizwa mazungumzo. Nikatazama chini, pembeni. Tundu la bomba lilikuwa limewekewa kipande cha zulia, kwa utaratibu, upande wake, ili mlalaji asipate upepo na mpitaji asiumie mgongo. Saa zile zote nilizokuwa Randburg, tangu alipokuja, paka wangu alikuwa na nyumba nyingine.

"Yaya, usiambie batu," Deo akasema. Macho yake yalikuwa mekundu, pua inachuruzika. "Ni yeye tu njo ananiuliza habari ya kazi."

"Paka haulizi kitu, Deo."

"Anauliza. Namujibu kwa Kishi ya kwetu. Anasikia."

Nikakaa sakafuni na kumweleza yote tena, safari hii bila msamiati. Kwamba daktari alikuwa sahihi. Kwamba ni huyu hapa, kwenye mto. Kwamba Jumapili angekufa mbele ya kwaya. Alinisikiliza akimkuna Karani chini ya sikio la kushoto, na alikuwa anafikiri kwa makini kuliko nilivyowahi kumwona mtu akifikiri. "Kama ni jini," akasema hatimaye, "Jumapili itatoka, na paka itabaki. Kama ni paka, paka njo itatoka." Akapiga chafya. "Mi nachagua jini."

Sijapata kukutana na hoja iliyonyooka zaidi ya hiyo, na nimefundishwa mantiki na watu wenye majoho. Asubuhi nilipokwenda kazini yeye alikuwa anarudi, na getini hakuniambia kazi njema.

Jumamosi nikamfuata Mama Bea jikoni. Nyama ilikuwa tayari kwenye beseni, na alikuwa anaipaka chumvi na pilipili kwa ajili ya kesho, futi shingoni, mikono imezama hadi viwiko. Nikafunga mlango. Nikasema: "Mama Bea, nisikilize kama mtoto wako. Katika damu ya paka kuna kitu. Katika damu ya nguruwe kuna kitu kinachofanana nacho, kama ndugu wawili. Deo ameishi na paka kwa siri, kile kitu cha paka kimemwingia mwilini, na sasa mwili wake ukionja nguruwe unakataa, unapigana mpaka unataka kumuua. Ndiyo yote. Hakuna jini."

Hakuacha kupaka. "Ngoja niulize. Kitu ilimuingia."

"Ndiyo."

"Haionekani kwa macho."

"Hakionekani, ndiyo."

"Na hiyo kitu haitaki ngurube."

"Haitaki."

"Na ilitoka kwa paka. Paka ni ya nani?"

Nje jirani alikuwa anapiga msumari.

"Wangu," nikasema.

"Basi weye unabisha nini, Tanga?" Akanitazama kwa mara ya kwanza, na hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, kama mwalimu. "Miezi minne tunasema: kitu imetoka kwenye chumba ya Tanga, imeingia kwa Deo, inakataa ngurube. Weye na daktari wako mumeenda shule ndefu, mumezunguka, mumerudi palepale."

Nimekuwa nikimtafutia jibu hadi leo, na ndiyo sababu mojawapo ya kuandika sura hii.

Nikamwambia tu kwamba Deo akila atakufa. Akaniuliza kama naapa. Nikaapa, kwa Mungu wangu, ambaye hayuko anaangalia Malvern. Akatoa mikono kwenye beseni, pilipili inamdondoka kwenye vidole. "Pasta hatakubali habari ya damu na damu," akasema. "Lakini akisikia kwamba mwenye jini amekiri, amebeba jini yake ameenda, hakuna kitu ya kufukuza tena. Hakuna sahani. Na Deo nitamuambia jini imeacha mwiko: akigusa ngurube, inarudi. Mwiko atashika. Ya daktari hawezi." Akanawa mikono. "Lakini lazima uende leo, mchana, batu wanaona. Na useme kwa kinywa yako."

Hivyo ndivyo nilivyokiri. Nilisimama uani, mchana kweupe, mbele ya Solange na wateja wake wawili wenye vichwa nusu vimesukwa, mbele ya jirani na nyundo yake, nikasema kwamba kitu kilichomwingia Deo kilikuwa changu, kilitoka chumbani kwangu, na ninaondoka nacho. Kila neno lilikuwa la kweli. Sikutabasamu, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale. Karani alikuwa ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki wa mirabaraba, zipu imeachwa wazi kidogo, na alipolia kwa sauti ndefu ya kuvuta, mteja mmoja akakimbia na kitana kikining'inia kichwani.

Deo alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, bila shati katika baridi ile. Alikuwa ameelewa kila kitu. Alikuwa mwepesi kuelewa kuliko mimi. Hakusogea karibu na mfuko, na macho ya watu yalikuwa juu yake. Aliinua tu mkono wake hadi kwenye sikio lake mwenyewe la kushoto, chini kidogo, akajikuna hapo kwa kidole kimoja, mara mbili, akinitazama, ili nijue ni wapi. Nikaitikia kwa kichwa. Kisha nikaondoka kwenda Joubert Park, ghorofa ya nane, kwa rafiki kutoka nyumbani ambaye alinikaribisha bila kuuliza, na Karani akakaa siku tatu chini ya sinki akitafuta ukutani tundu la kupita.

Basi, wiki iliyopita, yule mwanamume mnene wa suti ya kijivu alishuka barazani, akapita katikati ya viti vya plastiki, na watu wakakunja miguu kumpisha. Tukakumbatiana. Nikamwambia pole kwa Mama, akaniambia asante, Mama alikuwa anakutaja. Kisha akapiga chafya. Moja, mbili, tatu, mfululizo, uso wake ukawa mwekundu, machozi yakaanza kutiririka, na ua wote ukanyamaza, maana wote waliona walichokiona: kitu kimemtambua mwenye nacho. Solange, aliyenenepa sasa na kuvaa miwani, alisimama nusu kutoka kitini. Nilijaribu kujitoa, nikakumbuka koti, lakini Deo hakuniachia. Alinishika kwa nguvu zaidi na akazamisha uso kwenye kola ya koti langu, palepale penye manyoya, akavuta pumzi ndefu yenye filimbi.

"Bado iko?" akaniuliza sikioni.

"Yuko. Mzee sasa. Amebakiwa na meno mawili."

"Anaulizaka habari yangu?"

Nyuma yetu mtu alianza kukemea kwa jina la Yesu, polepole, na mwingine akamwitikia. Nilitafuta mzaha, kama kawaida yangu, na sikuupata.

"Kila asubuhi," nikamwambia.